Ile Injini Niliiosha Mimi

Jumanne asubuhi nilikwenda Kampemba kumwona fundi wa betri, na kabla hata sijazima gari akaniambia kwamba yule mzee wa kusafisha injini amekwisha kufa. Alisema hivyo akiwa ameinama anatafuta spana chini ya meza yake, kama mtu anayepitisha habari za mvua. Walimzika siku ya posho, yaani Jumamosi, kama tunavyoiita sisi watu wa Lubumbashi. Kifua kilimsumbua tangu baridi ilipoanza, akalazwa siku nne, akaenda. Fundi alidhani ninajua. "Papa, weye ulikuwa unamujua muzuri," alisema, "si njo weye uliandika juu yake?" Nikajibu ndiyo, ni mimi. Kisha nikamwuliza kuhusu betri.

Wasomaji wa siku nyingi, na wale wanaoisikia safu hii ikisomwa redioni Jumapili mchana, huenda wanakumbuka makala niliyoandika miaka mitatu iliyopita kuhusu gari lililomwacha bibi harusi njiani. Ilipendwa sana. Watu walinisimamisha barabarani wakanisimulia vipande vyake huku wakicheka, na padri mmoja aliitumia katika mahubiri yake. Sijapata kuandika kitu kingine kilichonipa salamu nyingi kama kile. Leo ninataka kusema yule mtu niliyewachekesha watu kwa mgongo wake alikuwa nani, na siku ile kilitokea nini hasa. Sitataja jina lake. Wakati ule sikulitaja kwa sababu ni desturi ya safu hii kutotaja majina. Leo silitaji kwa sababu mjane wake ameniomba nisilitaje, na sababu hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Alizaliwa Pweto, kando ya ziwa, katika familia ya Kikatoliki ambayo kazi ya reli iliileta huku kusini yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Baba yake alikuwa mtu wa reli, na yeye mwenyewe aliingia karakana ya reli mara alipoacha shule. Kazi waliyompa ndiyo aliyobaki nayo maisha yake yote: kusafisha injini kabla mafundi hawajazigusa. Wenzake waliiona kazi ya chini, ya kumpa mtu asiyejua kufungua boliti. Mkubwa wake wa kwanza hakuiona hivyo. Alimkataza kufuta mahali popote kabla ya kupatazama vizuri, kwa sababu mafuta yaliyoganda juu ya chuma huonyesha yalikotoka, na ukiyafuta haraka umepoteza habari ambayo fundi angeitafuta kutwa nzima. Karakana ilipoishiwa kazi na watu wakarudishwa nyumbani, yeye alichukua brashi zake na ndoo, akaanza kuzunguka kwenye nyumba za watu wenye magari ya zamani. Alikuja Makomeno, mtaani kwangu, akaenda hadi Bel-Air, akarudi kwao Kampemba, siku zote kwa miguu, amevaa ovaroli la buluu la reli ambalo mfuko wake wa kifua ulishonwa kwa uzi wa manjano.

Mara ya kwanza alipoingia katika lupango langu, yaani ua wa nyumba, nilidhani angemaliza kwa nusu saa. Gari langu ni la Kijapani, lenye kabureta, la umri wa binti yangu mkubwa, na chini ya kapo, kile kifuniko cha injini, palikuwa na tope jekundu la barabara zetu lililochanganyika na mafuta mpaka likawa ngozi nyeusi. Mzee aligusa injini kwa mgongo wa mkono, akasema bado ina moto, tungoje. Tukangoja mpaka ikabaki na uvuguvugu. Akachomoa waya wa betri. Kisha akatoa mifuko ya plastiki na vipande vya mipira ya matairi ya baiskeli, akafunika alternata, akafunika mdomo wa kabureta, na kwa uangalifu mkubwa zaidi akafunika delko, kile kidude chenye kifuniko cha plastiki kinachogawa moto kwenye bujii, yaani plagi. Alifunga kila mfuko kama mtu anayefunga kidonda. Alianza na brashi kavu, akatoa majani na mchanga. Ndipo akapaka mafuta ya taa aliyoyachanganya na sabuni ya unga, akasugua polepole, sehemu kwa sehemu, akiimba kwa sauti ya chini nyimbo za misa. Maji aliyamwaga mwishoni, kwa kikombe. Nilimwambia mpira wa maji upo pale bombani, angemaliza haraka. Alitikisa kichwa tu. Na ule uchafu wote uliotiririka aliukinga kwa beseni, akaondoka nao ndani ya bidoni, dumu lake la plastiki, kwa sababu aliona jirani yangu ana kisima.

Ndiye aliyeona bomba la petroli lililopasuka. Fundi wangu alikuwa ameinama juu ya injini ile mara tatu mwaka ule bila kuliona, maana lilikuwa limefunikwa na ule uchafu. Mzee aliponiita, aliweka kidole karibu na ufa mdogo kama ukucha, tone la petroli likaning'inia pale, sentimita chache juu ya chuma ambacho hupata moto mpaka kinachoma. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimepanga safari ya Likasi na mke wangu na wajukuu wawili. Alinieleza kwa utulivu kwamba nisiwashe gari mpaka bomba libadilishwe, akakunja ovaroli lake, akaenda zake. Sijawahi kuandika habari hiyo popote. Nimeandika juu ya mashimo ya barabarani, juu ya umeme unaokatika, juu ya wanafunzi wasiojua kusalimia. Lakini mtu aliyewanusuru watu wanne wa nyumba yangu wasiungue ndani ya gari sikumwona kuwa ni habari.

Ninapofikiri kwa nini, ninaona aibu ambayo si yangu peke yangu, ingawa sitaki kujificha nyuma ya wengine. Katika mji wetu mtu anayeketi mezani na kalamu husikilizwa kabla hajamaliza sentensi, na akichanganya na Kifaransa kidogo ndiyo kabisa. Mtu ambaye kucha zake ni nyeusi lazima athibitishe. Tumelelewa na baba na babu waliokuwa watu wa migodi na wa reli, tukala bukari, yaani ugali, wa mikono yao, tukasomeshwa nayo, na tulipomaliza shule tukajifunza kuitazama mikono hiyo kwa mashaka. Mimi nilimwita "mzee" nilipozungumza naye, na nilimaanisha heshima. Lakini siku heshima hiyo ilipopimwa, haikudumu hata dakika moja.

Siku hiyo ilikuwa siku ya harusi ya binti yangu mdogo. Mchumba wake ana baba mdogo anayeishi Likasi, mtu wa maneno machache, ambaye ujanani aliendesha gari la aina ile ile kama langu. Tulipokutana kwa mambo ya mahari alinisimulia gari hilo kwa mapenzi makubwa, nami nikajisifu kwamba langu bado injini yake ni ya kwanza na ni safi kama sahani. Akasema siku ya harusi atafungua kapo aone. Kwa hiyo siku ya Ijumaa, kesho yake ndiyo harusi, nilimwita mzee. Alifanya kazi yake kama kawaida, asubuhi nzima. Alipomaliza nilitazama, nikaona kila kitu kinang'aa isipokuwa pale chini ya delko, ambapo palibaki weusi wa ukubwa wa kiganja. Nikamwonyesha. Alinijibu kwamba anapaona, lakini kifuniko cha delko kimeanza kuwa na nyufa za uzee na hataki maji yakaribie pale. "Fasi ile niliiacha kwa kusudi, papa," alisema. "Usiiguse. Muache kapo wazi, jua ipige, kesho mutaenda muzuri." Akachukua bidoni lake, akaenda.

Mchana ule ule nilikwenda kwa jirani nikaazima mashine yake ya kusukuma maji kwa nguvu, ile anayooshea lori. Mke wangu alikuwa mlangoni anachambua sombe, majani ya muhogo. Aliniuliza kama mzee hakukataza. Nikamwambia mzee ana uoga wa watu wa zamani. Nilielekeza maji pale penye weusi, na weusi ukaondoka vizuri sana. Kisha, kwa kuwa mashine nilikuwa nayo mkononi, nikapitisha maji injini nzima. Sikufunika chochote. Nilipowasha, gari lilikohoa mara mbili, likashika, likanguruma sawasawa. Nikalizima, nikafunga kapo maji yakiwa ndani, nikaingia nyumbani nikiwa nimeridhika.

Asubuhi ya harusi liliwaka kwa shida. Tulitoka Makomeno binti yangu akiwa nyuma na wasimamizi wake wawili, mimi kwenye usukani, na baba mdogo wa Likasi kando yangu kwa heshima. Injini ilipopata moto sawasawa ilianza kurukaruka, kisha ikazimika, tukasimama katikati ya barabara ya vumbi, tukiwa tumebakiza karibu nusu ya njia. Nilijaribu tena na tena mpaka betri ikachoka. Binti yangu alishuka na gauni lake jeupe, wasimamizi wakilinyanyua, na pindo lote la chini likawa jekundu. Gari lililompeleka kanisani lilikuwa pikapu ya jirani iliyobeba viti na kreti za vinywaji. Tulifika kwaya imekwisha kuimba nyimbo zake zote mara mbili, na padri amekwisha fungisha ndoa ya watu waliopangiwa baada yetu.

Lakini kabla ya pikapu kufika, baba mdogo wa Likasi alikuwa amefungua kapo. Alitazama kwa muda, akafungua klipu za delko, akainua kifuniko, na maji yakadondoka. Aliniuliza, mbele ya binti yangu, mbele ya wasimamizi na watu wa barabarani waliokusanyika, nani ameosha injini hii. Sikuwa na nafasi ya kufikiri, na ningependa kusema kwamba hiyo ndiyo sababu. Lakini jibu lilikuwa tayari mdomoni. Nilisema kuna mzee mmoja wa Kampemba anayetembea na ndoo, nilimwamini, na sasa tazama. Baba mdogo alitikisa kichwa kwa huruma. Binti yangu aliniwekea mkono begani. Kumbukumbu ya mkono ule ndiyo inayonisumbua kuliko yote.

Uwongo wa barabarani ungeweza kufia barabarani. Mimi niliupeleka gazetini. Jumatatu nilikuwa sina mada, nikaketi nikaandika habari ya bibi harusi kwenye pikapu, na kalamu ikaenda yenyewe kwa jinsi nilivyofurahia. Niliandika juu ya ndoo, juu ya mifuko ya plastiki, juu ya nyimbo za misa zinazoimbiwa kabureta. Niliandika juu ya ovaroli la buluu na uzi wa manjano. Niliandika kwamba wakati umefika tuache kuwakabidhi magari yetu wazee wenye ndoo na maneno mengi. Sikutaja jina, nikajihesabia hilo kuwa ni uungwana. Nani hakumjua? Ovaroli lile lilikuwa moja tu mjini. Na kwa kuwa sikumtaja, hakuwa na njia ya kunijibu. Angeliandikia gazeti aseme nini, kwamba yeye ndiye mzee mwenye ndoo?

Alikuja Jumatano ya wiki iliyofuata, asubuhi. Alibisha kwenye geti, akaingia bila brashi na bila ndoo, nikaona kwamba mikono yake haikujua pa kukaa. Alinisalimia, akamsalimia mke wangu, akaulizia kama binti alifika salama kwa mumewe. Kisha akaomba aione injini. Sikuweza kukataa. Gari lilikuwa halijawashwa tangu lilipovutwa kutoka barabarani, betri tu nilikuwa nimeichaji; nilifungua kapo nikasimama kando. Hakugusa kitu kwa muda mrefu. Alitazama kwanza, kama alivyofundishwa. Aliona mistari ya maji makavu juu ya mabomba aliyokuwa ameyafuta kwa kitambaa. Aliona maji yaliyotuama kwenye mashimo ya bujii na kuanza kutia kutu. Mwisho alishusha kidole chini ya delko, mahali palipokuwa peusi, ambapo sasa palikuwa peupe.

"Fasi hii miye niliiacha nyeusi," alisema.

Nilimwambia sikumbuki. Mke wangu alisimama, akachukua sufuria yake, akaingia ndani.

Mzee hakusema kwamba ninadanganya. Alitoa kitambaa mfukoni, akafungua delko, akakausha ndani, akakwaruza kutu ya kijani iliyoanza kwenye vijiti vya shaba, akafunga. Akatoa bujii moja moja, akazipuliza, akazirudisha. Akaniambia niwashe. Gari likawaka mara moja. Ndipo aliposema alichokuja kusema, na alikisema akitazama injini, si mimi. Alisema watu watano wamekwisha mwambia asirudi kwao, na kwamba mmoja alimfungulia redio ili asikie. "Siombe uniombe musamaha, papa," alisema. "Uandike mistari mbili tu. Useme ule muzee haikukuwa yeye. Batu banakusikiliza." Nilimwahidi. Nilimpa mkono. Nilimwambia wiki ijayo.

Wiki iliyofuata mvua kubwa ilibomoa daraja dogo, nikaandika juu ya daraja. Wiki nyingine ilikuwa ya mitihani ya shule. Nilijiambia kwamba mistari miwili katikati ya mambo mazito ingeonekana kichekesho, kwamba ningoje nafasi nzuri, kwamba watu wamekwisha sahau. Baadaye nilijiambia kwamba nikiandika sasa wasomaji watauliza kwa nini nilikawia, na aibu itakuwa kubwa kuliko kosa lenyewe. Hesabu hiyo ilikuwa ya kweli na kila wiki ilizidi kuwa ya kweli, na ndivyo ilivyonifunga. Mke wangu aliniuliza mara tatu. Mara ya nne hakuuliza. Alizoea kukaa karibu na redio safu ikisomwa, na tangu mwaka ule, mara sauti ya mtangazaji inapoanza kusoma, yeye huenda kuanua nguo hata kama hakuna nguo kwenye kamba.

Mzee aliacha kazi yake kidogo kidogo, au niseme kazi ilimwacha. Vituo vya kuosha magari vilikuwa vimeongezeka, na watu wanapenda maji mengi na haraka. Siwezi kusema kwamba makala yangu peke yake ndiyo iliyommaliza. Nimejaribu kuufanya ukweli huo unifariji na umekataa. Vituo vingemchukulia wateja wengine, polepole, na angekuwa na jina lake. Mimi nilimwondolea jina kwanza. Mwaka jana nilimkuta sokoni Kampemba, ameketi na mke wake nyuma ya mafungu ya samaki wakavu ambao ndugu zake waliwatumia kutoka Pweto. Hakuwa amevaa ovaroli. Nilimwona kabla hajaniona, nikageuka nipite upande wa nguo, na hapo ndipo aliponiita, "Papa mwandikaji." Nikarudi. Alinipa mkono, akaniuliza kama binti yangu amepata mtoto. Nikamwambia amepata wa kike. Alifurahi kweli kweli, akamwambia mke wake kwamba huyu ndiye anayesomwa redioni, na mke wake akasema wanasikiliza kila Jumapili. Juu ya ile mistari miwili hakusema neno. Nilinunua samaki, nikaondoka haraka kama mtu mwenye kazi.

Baada ya kuzungumza na fundi wa betri Jumanne ile, nilikwenda kilioni jioni ya siku iliyofuata. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka uani, na wanaume wachache wa karakana ya zamani walikuwa kwenye viti vya plastiki karibu na ukuta. Walinipokea kwa heshima iliyoniumiza, wakaniletea kiti kizuri. Niliomba kuzungumza na mjane pembeni. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njiani, lakini alipoketi mbele yangu na kitambaa cheupe kichwani niliyaacha yote nikamweleza kama nilivyoeleza hapa: weusi wa ukubwa wa kiganja, mashine ya jirani, kapo lililofungwa maji yakiwa ndani, jibu nililotoa barabarani, ahadi niliyotoa na kuiacha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama mume wake alijua. Nikamwambia alijua, alipaona mwenyewe pale palipooshwa, tangu siku aliyokuja kwangu. Ndipo akaniambia jambo ambalo sikulitazamia. Mume wake hakuwahi kumwambia. Aliporudi kutoka kwangu siku ile, mkewe alimwuliza ilikuwaje, naye akajibu kwamba huenda hakufunga mfuko vizuri, huenda macho yameanza kuzeeka. Alisema hivyo kwa sababu mke wake aliipenda safu hii, au kwa sababu aliamini nitaandika wiki ijayo kama nilivyoahidi na hakuona haja ya kunivunjia heshima kabla. Mjane hakujua ni ipi, na mimi sijui. Anachojua ni kwamba yeye aliyaamini maneno ya mume wake. Na kila walipokosa kazi, kila walipofungiwa geti, alimkumbusha ule mfuko.

"Nilimusemasema ile mambo miaka tatu," alisema. "Hata ku hospitali nilimusema. Na hakunijibu."

Baadaye aliniuliza kama nitaandika. Nikamwambia ndiyo, wiki hii hii. Akasema basi niandike yote, lakini jina la mume wake nisiliweke karibu na langu. Hakusema kwa hasira. Aliinuka, akarudi kwenye mkeka kati ya wanawake, na mmoja wao akamuuliza jambo, naye akafunika uso kwa kitambaa. Nilibaki kwenye kile kiti kizuri mpaka niliposhindwa kukikalia.

Usiku wa siku hiyo nilimpigia binti yangu simu, kisha nikampigia baba mdogo wa Likasi. Binti yangu aliniuliza kwa nini, nami nikamwambia nilitaka injini ing'ae. Baba mdogo alisema kwamba tangu siku ile amewasimulia watu wengi habari ya yule mzee, na sasa itabidi amtafute kila mmoja. Hawezi kuwapata wote. Mimi pia siwezi. Waliocheka nami ni wengi kuliko watakaosoma haya, na baadhi yao wamekwisha hama au wamekwisha kufa na uwongo wangu vichwani mwao.

Kwa hiyo ninayemwambia haya kwanza ni wewe uliyemfungia geti mzee mwenye ovaroli la buluu. Hakuwa amekosea. Kazi yake ilikuwa safi, na aliyeiharibu ni mimi. Na kwako wewe ambaye una neno kama hili, ulilolisema mbele ya watu juu ya mtu asiyekuwa na mahali pa kujibia, sina cha kukufundisha zaidi ya hesabu yangu mwenyewe. Kwa miaka mitatu nilipewa ukurasa huu kila wiki. Hakuna mtu aliyenizuia, hakuna wiki iliyokosa nafasi ya mistari miwili, na katika wiki zote hizo yeye alikuwa hai, ameketi Kampemba karibu na redio na mke wake, wanasikiliza. Leo nimeandika yote, na anayesikiliza ni mke wake peke yake.